Matatu ya Miguu: Mbio Ndefu za Pamoja Zinavyopangwa Kibarani

Ukimsikia mtu mzima akisema, "Jumamosi twende tukakimbie kilomita arobaini," swali la kwanza litakalokujia ni kama akili zake ni timamu. Swali la pili, ukiwa mdadisi kidogo, ni hili: maji mtakunywa wapi? La kwanza nawaachia wake zao na waume zao. Makala haya ni ya swali la pili, pamoja na maswali mengine madogo madogo yanayolifuata nyuma kama vifaranga.

Tuelewane mapema kwamba mimi si mkimbiaji. Nasema hivi kwa sababu wenzangu wa Chama cha Kiswahili wameanza kuniita "Kipchoge" kwenye foleni ya chakula, nami sitaki kuvikwa kilemba cha ukoka. Kazi yangu ni baiskeli. Mjomba wangu, ambaye ni seremala, ni mmoja wa watu 14 wanaokutana Kibarani kila Jumamosi kabla hakujapambazuka. Kibarani ninayoisema ni hii yetu ya Kilifi, si ile ya Makupa kule Mombasa iliyokuwa jaa la takataka. Kati ya hao 14 mna walimu wawili, wavuvi watatu, mwendesha bodaboda, mama anayeuza samaki wa kukaanga, askari mstaafu, na kijana mmoja kiziwi aliyesoma katika shule ya viziwi ya papa hapa. Kundi halina jina wala mwenyekiti. Lina daftari tu, na daftari hilo ninaliandika mimi, kwa Kiswahili sanifu kadiri niwezavyo, ingawa si yote niyasikiayo barabarani yanayofaa kuchapishwa katika jarida la shule.

Wananuia kukimbia kutoka Kibarani hadi Malindi mwezi wa Agosti, karibu kilomita 60 za barabara ya lami. Marathoni kamili, kama mjuavyo, ni kilomita 42 na mita 195. Mbio yoyote inayopita hapo huitwa ultramarathoni, hata kama imezidi kwa hatua chache tu. Hapatakuwa na medali, kamera wala mgeni wa heshima. Watu watatoka nyumbani kwao kwa miguu na kufika Malindi kwa miguu, basi.

Wengi hudhani mambo haya ni wazimu wa watu wa ng'ambo waliokosa shamba la kulima. Kumbe ultramarathoni mashuhuri kuliko zote barani Afrika imechipuka kutoka vumbi la Afrika Mashariki. Nazungumzia Comrades Marathon ya Afrika Kusini, inayokimbiwa kati ya Durban na Pietermaritzburg, kiasi cha kilomita 88 hivi. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliletwa huku kwetu kuyafukuza majeshi ya Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, na inasimuliwa kuwa alitembea takriban kilomita 2,700 katika nyika zetu. Vita vilipokwisha alitaka kuwakumbuka wenzake waliokufa. Badala ya kuomba wajengewe sanamu, aliomba paandaliwe safari ngumu ya miguu. Wakamkatalia, akaomba tena, na hatimaye tarehe 24 Mei 1921 watu 34 wakaondoka. Waliofika ni 16. Kwa miaka mingi Waafrika weusi na wanawake hawakukubaliwa rasmi katika mbio hizo. Mlango haukufunguliwa mpaka 1975.

Hata hao si wa kwanza. Sisi watu wa Kilifi tunamjua Mekatilili wa Menza, ambaye mwishoni mwa 1913 alikamatwa na Waingereza pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali kabisa, Kisii. Mwanzoni mwa 1914 wakatoroka na kurudi Ugiriama kwa miguu, mamia ya kilomita, bila ramani wala chupa ya maji mkononi. Ninalolishika mimi katika kisa hicho ni kwamba hawakurudi mmoja mmoja. Walikuwa wawili.

Turudi Afrika Kusini kidogo. Comrades ina muda wa saa 12. Zikitimia, bunduki hulia na mlango hufungwa. Aliye hatua mbili nyuma ya mstari hahesabiwi, na mwenye kuifyatua bunduki husimama akiwageuzia mgongo wanaokuja ili asimwone anayemfungia. Kwa hofu ya bunduki hiyo wakimbiaji wa kawaida wamejiundia kitu wanachokiita "basi". Mtu mzoefu hubeba kibendera kilichoandikwa muda anaokusudia kumaliza. Yeye ndiye dereva. Anayetaka muda huo hujiunga nyuma yake awe abiria. Dereva akisema tembeeni, wanatembea. Akisema twende, wanakwenda, tena wakiimba. Watu ambao peke yao wangekata tamaa njiani hufika kwa sababu wamepanda basi.

Sisi, kwa kuwa ni watu wa pwani ya Kenya, tumeliita matatu. Na matatu, kila mtu ajuavyo, haiondoki kwa amri ya dereva. Huondoka utingo akigonga bodi. Hapo ndipo ulipo mpango wetu mzima: mbele yuko dereva anayeshika mwendo, nyuma kabisa yuko utingo ambaye haruhusiwi kumpita mtu yeyote, na dereva haondoki kituoni mpaka utingo atoe ishara.

Hawakuanza hivyo lakini. Hapo mwanzo, mwezi wa Februari, kila mtu alikimbia kwa nguvu zake. Siku moja walipanga kilomita 26, kwenda kupita Tezo na kurudi. Mimi sikuwa nao. Nilikuwa bado sijaingia katika shughuli hii. Wenye kasi walitangulia, wa kati wakafuata, na mmoja wa wavuvi, mtu mwenye mwili, akabaki nyuma peke yake. Ilipofika saa tatu asubuhi jua lilikuwa limeshakasirika. Wenziwe walikuwa Kibarani wanakunywa chai, kila mmoja akidhani amepanda matatu ameenda zake nyumbani. Mama mmoja aliyekuwa akitoka kuteka maji ndiye aliyemkuta amekaa chini ya mwembe, ngozi inawaka, anasema anangoja mashua. Mashua, juu ya barabara ya Malindi! Mama yule hakuuliza mengi. Alimmwagia ndoo nzima ya maji, akapiga kelele watu wakaja, wakaongeza nyingine, ndipo bodaboda ikaitwa ya kumpeleka hospitali. Daktari aliwaambia ile ndoo ndiyo iliyomwokoa.

Wiki iliyofuata walipokutana, mke wake alikuja. Mjomba anasema alisimama tu pale, kanga ameifunga kiunoni, akawaamkia vizuri kabisa, kisha akauliza:

"Kina baba, mlipoondoka mlikuwa wangapi?"

Wakatazamana. Mmoja akasema kumi na watatu, mwingine kumi na wanne.

"Na mliporudi?"

Hakuna aliyejibu. Akaaga akaenda zake. Siku hiyo mjomba alinunua daftari la shilingi 50, na jioni akaja kwetu kuniomba mimi na baiskeli yangu.

Basi tuanze na mwendo, kwani mwendo ndio unaovunja makundi. Kanuni ni kwamba mwendo wa kundi ni ule ambao mtu wa mwisho anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema katikati. Akikujibu "ndiyo" na "la" tu, mnakwenda kasi mno. Kwetu umetokea kuwa kama dakika saba na nusu kwa kilomita. Kisha wanakimbia dakika 25, wanatembea dakika 5, tangu mwanzo, wakati miguu bado mibichi. Vijana walilalamika sana hapo. Kutembea dakika ya 25 ya safari, na hata jasho halijatoka, walikuona aibu. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Kwa mpango huo nusu saa moja inakupa karibu kilomita 3.8. Kilomita 60 zinakwisha kwa chini ya saa 8, na ukiongeza vituo sita vya dakika kumi kumi, unafika Malindi kwa saa 9 hivi. Anayekimbia mfululizo akaishiwa nguvu kilomita ya 35 ana kilomita 25 za kujikokota, na mwenye kujikokota hapigi hata kilomita nne kwa saa. Nani atatangulia kufika? Mwalimu wa hesabu wa kundi aliwachorea jambo hili mchangani kwa kijiti, wakanyamaza, ingawa kijana mmoja bado hunung'unika mpaka leo.

Wenye mbio nyingi je, wafanye nini? Wana siku zao za katikati ya wiki za kukimbia watakavyo. Jumamosi ni ya wote. Au wakitaka kutumia nguvu zao, hufika kituoni, hugeuka na kurudi nyuma kumchukua utingo, halafu huja naye. Hivyo wanapata kilomita zaidi na hakuna aliyeachwa.

Nimesoma habari za Kaptagat, kule alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, yule aliyeshinda medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji mjini Barcelona 1992. Huko nako mbio ndefu ni za kundi. Siku yao ilikuwa Alhamisi, wiki hii kilomita 30, wiki ijayo 40, na gari linawafuata na chupa. Mambo mazuri hayo. Ila Kaptagat iko juu ya mita 2,000 na asubuhi yake ina baridi ya kutoa moshi mdomoni. Mtu wa Kibarani akilinakili daftari la Kaptagat neno kwa neno, iko methali moja ya tembo inayomfaa, ambayo mlezi wa chama hatairuhusu humu.

Kwetu adui ni joto, na joto halishindwi kwa ujasiri. Hushindwa kwa saa. Wanaondoka saa kumi usiku. Saa kumi na moja hivi husimama karibu na msikiti ulio kando ya njia. Waislamu wanasali, wengine wanajaza maji kwenye bomba, wananyoosha miguu, na mimi nahesabu vichwa. Jua likichomoza wameshapiga zaidi ya kilomita 15, na sehemu kubwa ya safari imekwisha kabla halijawa kali. Jumamosi ilichaguliwa kwa makusudi, maana Ijumaa ina wenyewe na Jumapili ina wenyewe. Mwezi wa Ramadhani mbio ndefu hupunguzwa kabisa. Kuna waliofunga, na mwili usio na maji haudanganywi.

Baada ya saa, upepo. Hapa wavuvi ndio maprofesa. Kusi huvuma kutoka kusini tangu mwezi wa Aprili hivi hadi Oktoba, nayo kaskazi hutoka kaskazini tangu Desemba hadi Machi. Jahazi hupangwa kwa pepo hizo, na mbio pia. Wakati wa kusi wakimbiaji wetu huanza kwa kuelekea kusini: wanavuka daraja la Kilifi (lilifunguliwa 1991, kabla ya hapo ilikuwa feri, na wazee wanasema ungeweza kungoja mpaka samaki uliyebeba aoze), wanapita Mnarani, wanaelekea njia ya Takaungu, kisha wanageuka na kurudi nyumbani upepo ukiwasukuma mgongoni. Wakati wa kaskazi wanaanza kwa kwenda Tezo. Yaani sehemu ngumu ifanywe mapema, nguvu zikiwa bado zipo. Lakini askari mstaafu alitia neno ambalo naliona la maana: upepo wa mgongoni hukusukuma, haukupozi. Ukienda nao sawasawa huusikii kabisa, na jasho halikauki. Kwa hiyo maji ya kujimwagia kichwani huwekwa kwenye sehemu ya kurudi. Na Malindi yenyewe iliwekwa Agosti kwa sababu hiyo hiyo: ni majira ya baridi kidogo, na kusi itawapeleka kaskazini njia nzima.

Kuhusu urefu, huongezwa polepole. Kilomita 20, kisha 24, kisha 28, halafu wanarudi 20 ili mwili upumue, ndipo waende 30 na 34, wapumzike tena. Safari ndefu kuliko zote itakuwa 42, nayo itafanywa wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Watu huniuliza, mbona wasijaribu 60 mara moja wajipime? Hawajaribu, kwa sababu kilomita 60 huchukua wiki kadhaa kumtoka mtu mwilini, na ukizifanya mazoezini utafika siku yenyewe bado unadaiwa. Badala yake, mara moja kwa mwezi hukimbia 30 Jumamosi na 15 Jumapili jioni. Hizo 15 ni fupi lakini zinauma, maana miguu inaanza ikiwa imechoka, na hilo ndilo somo lenyewe.

Wiki za kwanza msiende mbali. Nasisitiza hili kwa yeyote atakayetaka kuanzisha kundi kijijini kwao. Chorea kitanzi cha kilomita 10 kwenye njia za murramu za vijijini, kinachoanzia na kuishia mahali pamoja, mkizunguke mara mbili au tatu. Anayeshindwa anashindwa mlangoni pa nyumbani. Ubaya wake ni kwamba kila ukirudi unasikia harufu ya mahamri, na kuondoka tena mara ya tatu kunataka moyo. Mama wa samaki husema kitanzi cha tatu ni cha kichwa, si cha miguu.

Barabara kuu ina taratibu zake. Magari yetu hushika kushoto, kwa hiyo mkimbiaji hushika kulia, ayatazame yanayomjia usoni, tena nje ya lami. Mstari ni mmoja, si watu watatu sambamba wakipiga soga. Fulana za rifleksa wameazima kwa watu wa bodaboda, na dereva na utingo kila mmoja ana tochi. Kwenye daraja hakuna mazungumzo wala kupitana. Kwa siku ya Malindi wataondoka saa nane usiku, na hesabu zimepigwa ili Mida waifikie jua limeshatoka, kwa kuwa upande wa kushoto kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita mraba 420 hivi, na humo mna tembo. Tembo hajui kama wewe uko mazoezini.

Yule kijana kiziwi ndiye aliyetufundisha kupanga ishara. Mwanzoni utingo alikuwa na filimbi. Filimbi haimsaidii mtu asiyesikia, na gizani huwezi kuona mkono. Sasa ni tochi: kuwasha mara moja ni "tuko wote", mara mbili ni "punguzeni", kuzungusha ni "simameni". Kijana hukimbia katikati, mbele yake mtu na nyuma yake mtu, maana lori likija yeye halisikii. La ajabu ni kwamba ishara hizi zimewafaa wote. Baada ya saa nne za kukimbia hakuna mwenye pumzi ya kupiga kelele, na upepo wa kusi hula maneno. Mchana hutumia mikono, alama alizotufundisha yeye, na mjomba sasa anaweza kuomba chumvi, kulalamikia goti na kumtania mtu bila kufungua mdomo.

Haya, maji. Mtu mmoja hutaka kama nusu lita kwa saa, zaidi kukiwa na jua. Watu 14 kwa saa tano ni lita 35, na baiskeli yangu hubeba dumu moja la lita 20 tu, tena nikianza kuyumba mlimani mtu hunisukuma. Kwa hiyo Ijumaa jioni mimi na mwendesha bodaboda tunazunguka kuacha madumu kwenye nyumba za watu tunaowajua kando ya njia. Mwenye nyumba huelezwa ni ya nini, la sivyo utakuta yamefuliwa nguo.

Maji matupu hayatoshi. Jasho lina chumvi, na anayekunywa maji mengi mno bila chumvi huifanya damu yake kuwa nyepesi. Kichwa huuma, hutapika, huchanganyikiwa, na watu wamekufa kwa hilo katika mbio kubwa za ng'ambo. Wachanganyaji wetu hutumia kipimo kile kile akina mama wanachofundishwa kliniki kwa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya sawasawa bila kurundika. Madafu ni mazuri na kila mtu anayapenda, ila chumvi yake ni chache, hivyo huliwa na muhogo wa kuchemsha uliotiwa chumvi. Ndizi, tende na viazi vitamu pia vinabebeka. Maharagwe ya Ijumaa usiku yamepigwa marufuku kwa kura, sababu mnaijua.

Utajuaje mtu amekunywa kiasi kinachomfaa? Wanapimwa. Mwenye duka la nafaka ana mizani ya magunia, na Ijumaa jioni hutuazima. Mtu hupanda kabla ya kuondoka na hupanda akirudi, mimi naandika. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji iliyomtoka. Aliyepungua kilo mbili anywe zaidi safari ijayo. Aliyeongezeka uzito amekunywa mno, apunguze. Mama wa samaki alikataa kupimwa hadharani, kwa hiyo yeye hujipima mwenyewe na kuniletea tarakimu kwenye kikaratasi.

Dalili za kuzidiwa na joto zimeandikwa nyuma ya jalada la daftari: mtu anayepepesuka, anayejibu ambacho hakuulizwa, anayegombana bila sababu. Huyo hasemezwi. Hukalishwa kivulini, hupozwa kwa maji mengi hapo hapo, shingoni, kwapani na kichwani, na bodaboda huitwa wakati anapozwa, si kabla. Kupoza kwanza, safari baadaye. Mwenye homa naye hakimbii, hata akiapa kwamba ni mafua tu. Pwani hii homa ni malaria mpaka ipimwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko tochi na madumu. Kila mtu hutoa shilingi 50 kwa wiki, na sehemu ya fedha hizo tunaiita nauli ya kuacha. Mtu yeyote, kwa sababu yoyote, akimwambia utingo "mimi leo basi", hupewa nauli ya kurudi nyumbani papo hapo. Haulizwi kitu, hachekwi, na jina lake haliandikwi kwenye orodha yoyote. Watu hudhani anayeendelea akiwa mgonjwa ni mkaidi. Mimi niliye nyuma na baiskeli nimeona vingine: mara nyingi hana nauli mfukoni, na anaona haya kuiomba. Alitoka na kaptula isiyo na mfuko, simu ameiacha nyumbani isiibiwe. Atafanya nini ila kuendelea? Yule mvuvi wetu alipopata nafuu aliulizwa kwa nini hakusimamisha matatu. Alisema hakuwa na hata ndururu.

Amerudi kundini, ndiyo. Alikaa nje miezi miwili kwa amri ya daktari, akaanza na kitanzi kimoja cha kilomita 10 akitembea, na sasa amefika 28. Mkewe alimruhusu kwa sharti kwamba awe anakimbia hatua moja mbele ya utingo, asitangulie kamwe, hata ajisikie vipi. Hutania kwamba ameolewa na utingo. Kama atakwenda Malindi bado haijaamuliwa. Inategemea zile 42, na inategemea mizani.

Zimebaki taratibu za kumalizia. Watapita Matsangoni, Mida, Gede na Msabaha, wataingia Malindi mjini na kusimama pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga huko 1498. Hakuna mstari wala bunduki. Kila mtu atakuwa ametoa nauli yake ya kurudi mapema, na nguo kavu zitatangulizwa na matatu ya asubuhi. Atakayezichukua ni mke wa mvuvi, aende mumewe au asiende. Aliomba kazi hiyo mwenyewe. Ameniambia pia kwamba usiku wa kuondoka nimpe nakala ya daftari, na kwamba nisimwandikie idadi. Anataka majina, moja moja, na nafasi ya kutia alama mbele ya kila moja.